Nyuzi za kudarizi 300 na nyumba ya kando ya bahari: nizipangeje na nizihifadhi wapi?

UshonajiTanga

Salaam wadau wa sindano na uzi. Naomba msaada wa mpangilio. Nyuzi zangu za kudarizia kwa mkono zimefika vibunda kama 300. Nyingi ni za kampuni za DMC na Anchor, zile za nyuzi sita nyembamba zinazotenganishwa, kuna madonge 20 ya perle namba 8 (uzi uliosokotwa usiogawanywa), na nyuzi chache za kumetameta. Zimekaa kwenye makopo mawili ya bati ya biskuti na mfuko mmoja wa nailoni. Nyumba iko karibu na bahari, chumba cha kazi kina dirisha linalopigwa na jua la asubuhi, na AC hakuna.

Hali ilivyo sasa: ukifungua kopo unapokelewa na uvundo. Baadhi ya nyeupe zina vidoa vya kahawia. Lebo nyingi zimechomoka. Vibunda vilivyofungwa kwa mipira ya kufungia hela vimegandiana na mpira wenyewe, umeyeyuka ukawa kama gundi.

Kazi ni foronya, vitambaa vya meza na kofia. Nauliza: nizungushie uzi kwenye kadi au niviache vibunda kama vilivyotoka dukani? Nipange kwa namba au kwa rangi? Na huu unyevu unashindwaje bila kununua kabati la gharama?

---

FundiViua (Unguja)

Dada, anza na unyevu kabla hujanunua boksi hata moja. Ukichukua nyuzi zilizoshika maji ukazipanga vizuri ndani ya boksi lisilopitisha hewa, umeyafungia maji humo humo na kuvu itashamiri kuliko ilivyokuwa kwenye kopo.

Pamba hunywa unyevu wa hewani. Kwenye hewa yetu ya pwani yenye unyevu wa asilimia 80, nusu kilo ya pamba hubeba karibu gramu 50 za maji, na ukiishika mkononi utaapa ni kavu. Kuvu huanza kuota unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 hadi 70 siku kadhaa mfululizo. Kwa hiyo ndani ya boksi tafuta asilimia 45 hadi 55. Vipo vipimaunyevu vidogo vya betri, si vikubwa kuliko kiberiti. Nunua kimoja, kiweke ndani, funika boksi, usome kesho yake. Bila hicho unabahatisha tu.

Kopo la bati liondoe kabisa. Usiku bati hupoa haraka kuliko hewa iliyofungiwa ndani, maji yanatona kwenye kifuniko, na pale rangi ilipokwaruzika panaanza kutu. Vidoa vyako vya kahawia vinaweza kuwa kutu au kuvu, na kuvitofautisha si kazi. Doa la kutu lina kitovu cha rangi ya chungwa iliyoiva na hukaa pale uzi ulipogusa bati, pini au sindano. Kuvu hutawanyika vidoa vidogo vidogo hata katikati ya kibunda, na kibunda chenyewe kinanuka.

Sasa kukausha. Chagua siku isiyo na mvua. Kazi ifanyike kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri, maana huo ndio wakati hewa ya mchana inakuwa kavu zaidi. Tandika shuka jeupe safi kivulini, usiweke juani hata dakika tano, tawanya vibunda visilaliane, washa feni mwendo wa chini. Muda wa saa tatu au nne unatosha, ukigeuza mara moja. Halafu vifungie kabla ya alasiri kuisha. Watu wengi huharibu hapa: wanaacha nyuzi zilale nje hadi usiku, unyevu unapanda tena, na pamba inarudisha yale maji yote iliyotoa mchana. Kama unaweza kufanya kazi hii Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, ni nafuu kubwa. La muhimu ni kuwa masika isikukute hujakausha.

Ndani ya boksi la lita 10 weka silika (zile chembe za kunyonya unyevu) gramu 100 wiki ya kwanza, baadaye gramu 50. Vile vipakiti vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu vina gramu moja au mbili kila kimoja, na mpaka vikufikie vimeshashiba maji, kwa hiyo vitatu au vinne ni kujiliwaza. Nunua silika ya kilo yenye kubadilika rangi. Chukua ile ya rangi ya chungwa, uiache ya bluu, kwa sababu bluu hiyo hutokana na kobalti ambayo ni sumu. Itie kwenye vifuko vya bafta, ushone mdomo. Ikibadilika rangi, imwage kwenye trei na uichome kwenye oveni ya nyuzijoto 110 hadi 120 kwa saa mbili, kisha irudishe. Asiye na oveni atumie kikaango kikavu kwenye moto mdogo kabisa akikoroga mpaka rangi irudi, na kikaango hicho kisirudi tena jikoni. Mchele usiweke. Hauvuti unyevu wa maana, na unakaribisha fukusi na mende.

Vyenye uvundo vitenge leo hii. Vipanguse nje ya nyumba kwa brashi laini ukiwa umefunika pua. Kila kibunda kifunge kwa kulegeza sehemu mbili kwa uzi mweupe wa pamba, kitie kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini kidogo, kikandamize bila kusugua, suuza mpaka povu liishe, kikunje ndani ya taulo kikamuke, kisha kining'inize kivulini. Harufu itatoka. Vidoa mara nyingi haviondoki, kwa hiyo kata kipande chenye doa ukitupe. Kabla hujakirudisha kwenye akiba, vuta uzi mmoja mwembamba wa urefu wa sentimita 20. Ukikatika kwa mvuto mdogo, kuvu imeshaila pamba yenyewe. Usiutumie hata kwa kazi ya mazoezi, utakukatikia katikati ya ua.

Mpira ulioyeyuka: tia kibunda kwenye mfuko uliofungwa, kiweke kwenye friza saa moja. Mpira ukiganda unakuwa mkavu, unabanduka kwa kucha. Uliobaki kata. Petroli na tina usiguse, vinaeneza ile gundi ndani ya uzi. Na kuanzia leo mpira na nyuzi visikae boksi moja, hasa na hizo za kumetameta. Mpira una salfa ndani yake, na salfa hufanya nyuzi zenye fedha halisi ziwe nyeusi.

---

PambaNaChati (Dar es Salaam)

Fundi amemaliza habari ya maji, naongeza mpangilio.

Swali la kadi au vibunda linategemea unavyofanya kazi. Kibunda kama kilivyotoka kiwandani kina faida moja kubwa: uzi umelala bila kubanwa. Uzi uliozungushwa kwenye kadi kwa kukaza huvutika, na kila unapokunjwa ukingoni unapata alama. Ukiudarizi hivyo hivyo, ua linatoka na mawimbi, na kitambaa kinaweza kujikunja baadaye uzi unaporudia urefu wake. Hasara ya kibunda ni kwamba ukishakifungua hakirudi kilivyokuwa, na kilichofunguliwa ndicho kinachosokotana na wenzake.

Kwa hiyo, wewe wa vibunda 300: visivyofunguliwa viache na lebo zake zote mbili. Vilivyofunguliwa ndivyo vya kuzungushia kadi. Usijipe kazi ya kuzungusha vyote 300 kwa ajili ya urembo wa boksi.

Kabla ya kufungua kibunda, tazama ncha iliyojitokeza upande mmoja. Vuta polepole huku umeshika kibunda katikati. Ikigoma, acha, jaribu upande wa pili. Kuvuta kwa nguvu ndiko kunakotengeneza lile fundo la katikati.

Kadi: kata kutoka kwenye kifuniko cha aiskrimu au ndoo ndogo ya mtindi, upana sentimita 3.5, urefu 4. Pembeni kata mkato mdogo wa nusu sentimita wa kushikia ncha, juu toboa tundu. Pitisha tupa ya kucha kwenye kingo, kwa sababu plastiki iliyokatwa kwa mkasi ina makali yanayonyofoa nyuzi. Andika namba KABLA ya kuzungusha, kwa kalamu isiyofutika, subiri wino ukauke dakika kumi. Andika pia herufi ya kampuni: D 321, A 46. Namba peke yake haitoshi, maana D 310 na A 310 si kitu kimoja. Kadi za boksi la chai au la nafaka zinafaa kwa muda mfupi, lakini karatasi ya namna hiyo ina asidi inayogeuza nyeupe kuwa njano, na inanyonya unyevu.

Kuzungusha: shika kadi kwa kidole gumba, lete uzi kwa kulegeza, raundi zilale bapa moja kando ya nyingine. Ukiweza kuingiza ncha ya sindano butu chini ya raundi bila kulazimisha, ukazo ni sahihi. Uzi utakaotoka na alama, upitishe mara moja kwenye sponji yenye unyevu kidogo, uuache ukauke, ndipo uudarizi.

Kuna njia nyingine ambayo naipendelea kwa kazi moja kubwa, kwa mfano seti ya foronya. Kibunda cha nyuzi sita kina mita 8. Kikate vipande nane vya mita moja. Chukua kadi ndefu iliyotobolewa matundu kando, kunja kila kipande katikati, kipitishe kwenye tundu kama kitanzi kinachojifunga chenyewe, na juu ya tundu andika namba. Kila unapovuta unapata sentimita 50 zikiwa mbili mbili, urefu ambao sindano inaufanyia kazi bila uzi kuchoka. Nyuzi zinaning'inia zimenyooka, hakuna alama. Kadi hiyo yote ikae ndani ya mfuko wa plastiki laini pamoja na kitambaa.

Namba au rangi? Kwa anayefuata chati, namba. Kwa DMC namba hazifuati rangi hata kidogo: 309 ni waridi iliyoiva, 310 ni nyeusi, 311 ni bluu ya bahari. Ukipanga kwa rangi, utazipata tatu hizi pande tatu tofauti, na jioni kwenye taa utabishana na macho yako kama bluu hii ni 311 au jirani yake. Ukipanga kwa namba, unanyoosha mkono. Kuchagua rangi kwa ua jipya hakufanywi ndani ya boksi, kunafanywa kwenye kadi ya rangi iliyobandikwa nyuzi halisi.

Nyeupe zipe sehemu yake, na usizichanganye. DMC ina Blanc na B5200, na ya pili ni nyeupe kali zaidi. Usiku kwenye taa ya chumba zinafanana, mchana kwenye kofia zinagombana. Kwa Anchor zinazokaribiana nazo ni 2 kwa Blanc na 1 kwa B5200. Nyeusi ni D 310 na A 403. Nyekundu D 666 inakaribiana na A 46. Nasema zinakaribiana. Usianze ua kwa moja ukamalizia kwa nyingine.

Mwisho, orodha. Daftari au simu, mistari mitatu tu kwa kila rangi: namba, vibunda vizima, kilichofunguliwa. Hesabu ya kujua kama uzi utatosha ni nyepesi. Kibunda kina mita 8 mara nyuzi 6, yaani mita 48 za uzi mmoja mwembamba. Ukidarizi kwa nyuzi mbili unapata mita 24, kwa tatu mita 16. Toa sehemu ya kumi kwa ncha na mafundo. Ukiona mandhari ya kitambaa inakaribia kumaliza kibunda, nunua vya kutosha siku moja, dukani pamoja, kutoka pakiti moja. Vibunda vya siku tofauti vinaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo haionekani kwenye petali, inaonekana kwenye eneo pana lililojazwa.

---

SareNaNembo (Nairobi)

Nyinyi mko pwani, huku adui mkubwa ni vumbi. Nichangie upande wa nyuzi za mashine, kwa sababu wengi hapa wana za mkono na za mashine ndani ya kabati moja.

Ile rafu ya misumari ukutani, koni zimepangwa kama upinde wa mvua, ni nzuri kwa picha na mbaya kwa uzi. Rangi inapauka upande mmoja wa koni, ule unaotazama dirisha, na utaona kwenye nembo ya sare: mstari mmoja umekolea, unaofuata umefifia. Vumbi likikaa kwenye koni linaingia kwenye visahani vya mashine vya kukazia uzi, ukazo unabadilika, uzi unakatika, watu wanalaumu sindano. Kama lazima rafu iwe wazi, basi iwe ukuta ambao dirisha haliuangalii, na pazia la kitambaa mbele yake.

Reyoni na poliesta visihesabiwe kitu kimoja. Reyoni inang'aa vizuri lakini ikishika unyevu inapoteza nguvu, kwa hiyo wa pwani waifungie kwenye boksi lenye silika kama alivyoeleza Fundi. Poliesta haijali unyevu hivyo, na inahimili klorini na kufuliwa sana, ndiyo maana sare za shule na za hoteli zinashonwa kwa poliesta. Zote mbili hazipendi jua.

Uzi wa koni uliolegea na kuporomoka ndio unaojiviringa chini ya koni na kukatika. Vika neti, ile ya nailoni ya kuvalisha koni, au kata soksi nyembamba ya kike vipande vya sentimita 8. Unapobadilisha rangi, kata uzi karibu na koni, kisha vuta kipande kilichobaki kitokee upande wa sindano. Ukikivuta kinyumenyume kuelekea koni unarudisha manyoya yote ndani ya visahani. Bobini nazo usizitupe kwenye droo. Pitisha kipande cha mrija wa soda katikati ya koni na bobini ya rangi ile ile, zikae pamoja.

Kwa upangaji napingana kidogo na PambaNaChati. Mwenye nyuzi za kampuni tatu au nne, namba hazimsaidii, kwa sababu kila kampuni ina zake. Hapo panga kwa familia ya rangi kwanza, nyekundu, kijani, bluu na kadhalika, halafu ndani ya familia kutoka iliyokolea hadi iliyofifia.

---

PambaNaChati

Kwa mashine nakubali, maana koni ni kubwa na rangi hazizidi 60 au 70 kwa kawaida. Kwa DMC peke yake rangi ni 500. Familia ya bluu ikifikia hapo si familia tena, ni kijiji.

---

UshonajiTanga

Ahsanteni sana, nimeandika yote. Yamebaki matatu. Kuna vibunda kama 60 visivyo na lebo kabisa, navifanyaje? Nyekundu zangu zingine zilitoa rangi kwenye kitambaa cheupe cha meza, je, nizifue zote kabla ya kuzihifadhi? Na kazi iliyo mkononi, kwa mfano kofia ambayo haijaisha, inakaa wapi?

---

PambaNaChati

Visivyo na lebo: usikisie. Ukiandika D 815 kwenye kitu ambacho huna hakika nacho, umeharibu orodha nzima, maana siku utakayokitegemea kitakuangusha. Tafuta kwanza kadi ya rangi yenye nyuzi halisi, ya karatasi iliyochapishwa haifai kwa sababu wino hauigi mng'ao wa pamba. Kaa karibu na dirisha saa 3 au 4 asubuhi, pasipo jua la moja kwa moja, weka karatasi nyeupe chini, kunja uzi wako kitanzi cha unene sawa na ule wa kadi, uulaze sambamba nao. Uelekeo uwe mmoja. Uzi uliolala wima na uliolala mlalo hurudisha mwanga tofauti na utakudanganya kuwa ni rangi mbili. Ikioana kabisa, andika namba na alama ya kuuliza. Isipooana, ipe namba yako mwenyewe: X1, X2, X3, na kwenye orodha bandika kipande cha sentimita 2. Hizo X zitumie kwenye kazi ndogo, majani, vitovu vya maua, mahali ambapo kibunda kimoja kinaanza na kumaliza.

Nyekundu: hapana, usifue zote. Pima tu zile za hatari, nyekundu zilizoiva, damu ya mzee, bluu nzito na nyeusi, hasa za zamani na zisizojulikana kampuni. Kata sentimita 10, ilaze juu ya kitambaa cheupe cha pamba kilicholowa maji ya moto, kunja, kandamiza dakika tano. Kitambaa kikibaki cheupe, endelea. Kikipata waridi, kibunda hicho kifunge sehemu mbili kwa kulegeza, usuuze kwa maji baridi yanayobadilishwa mpaka yatoke meupe, kaushia kivulini, pima tena. Siki na chumvi zinazotajwa sana hazishikishi rangi ya kiwandani iliyozidi kwenye pamba. Kinachosaidia ni kuitoa ile iliyozidi. Isipokoma baada ya suuza nyingi, uzi huo ni wa kazi ya ukutani isiyofuliwa. Wanaodarizi kifua cha kanzu za Kiganda kwa ile damu ya mzee wazingatie hili zaidi ya wote: kitambaa cheupe kizima kiko chini ya uzi uleule wenye hatari, na kosa linaonekana siku ya kufua, kanzu iko kwa mwenyewe.

Kitambaa kikishapata doa la rangi, kisikauke. Kirudishe kwenye maji baridi mengi saa hiyo hiyo. Likikauka na kupigwa pasi, limeshaingia.

---

FundiViua

Kofia iliyo mkononi, dada, isirudi kwenye boksi la akiba. Iwe na mfuko wake: bafta nyeupe iliyofuliwa bila dawa ya kung'arisha, ndani yake kitambaa cha kofia, nyuzi za kofia hiyo tu, mkasi kwenye ala, subana. Sindano ichomolewe kila unapoacha kazi, hata kama unaacha kwenda kusali tu. Kwa hewa ya chumvi sindano iliyolala kwenye kitambaa inaweka alama ya kutu, na kutu juu ya uzi wa kiua haitoki kwa urahisi. Ndimu na chumvi huitoa kwenye nyeupe tupu, ila kwenye uzi wa rangi zinaacha baka lililopauka.

Ukanda wa kofia usikunjwe. Uzungushie kwenye roli la karatasi nene lililovikwa bafta, upande wa darizi ukiwa nje, ili viua visibanwe. Kipande cha juu kilale bapa.

Mikono. Mafuta ya nazi na hina mbichi ndivyo vinavyoharibu nyuzi nyeupe kuliko vumbi. Mafuta hayaonekani siku hiyo, yanatokea njano baada ya miezi. Nawa kwa sabuni, kausha, ndipo ushike uzi, na usikishike kibunda kizima, kata unachohitaji.

Na boksi la nyuzi lisikae chumba kinachofukizwa udi au ubani. Moshi una masizi na mafuta, pamba inavipokea vyote viwili. Nyeupe inakuwa ya kijivu taratibu na harufu haitoki kwa kuanika. Ukitaka kufukiza nyumba, funga maboksi kwanza.

---

MamaMapachaMSA (Mombasa)

Na wadudu je? Huku wengi hutia vidonge vya naftalini au karafuu.

---

FundiViua

Naftalini sishauri, Mama Mapacha, na kwa nguo za watoto nasema usitie kabisa. Watoto wenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu), na pwani yetu wapo wengi, damu yao inaweza kuharibika kwa kuvuta mvuke wa naftalini ulioganda kwenye shuka au kofia ya kitoto. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto mchanga. Pia mvuke wake hulainisha baadhi ya plastiki ngumu za maboksi ya uwazi, na kadi zinagandia.

Halafu tazama ni mdudu gani. Nondo hula sufu na hariri, pamba haimshughulishi. Kwa hiyo sufu na hariri zitenge kwenye mfuko wake uliofungwa, ukishuku mayai tia friza wiki mbili, toa mfuko ukiwa bado umefungwa mpaka upate joto la chumba. Ukiufungua baridi, maji yatatona juu ya uzi. Mende na wale wadudu wa rangi ya fedha wasio na mbawa wanafuata wanga, gundi ya lebo na karatasi. Boksi lenye kifuniko chenye mpira wa silikoni unaobana linawazuia, ilimradi chakula kisiliwe juu ya kazi. Panya anataka uzi wa kutandikia, na kinga yake ni plastiki nene.

Karafuu haziui mdudu. Zinatoa harufu nzuri, lakini mafuta yake yanaacha doa la kahawia yakigusa pamba. Anayeitaka harufu azifunge kwenye kifuko na kifuko kining'inie nje ya boksi.

---

UshonajiTanga

Nimeelewa. Swali la mwisho kabisa: boksi gani, na niliweke wapi ndani ya chumba?

---

PambaNaChati

Mahali: ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua, nafasi ya sentimita 10 kati ya boksi na ukuta, sentimita 15 au zaidi kutoka sakafuni. Juu ya kabati chini ya bati la nyumba usiweke, joto la mchana huko linapita kiasi. Uvungu wa kitanda unafaa kama boksi liko juu ya ubao.

Ukubwa: maboksi mawili ya lita 10 ni bora kuliko moja la lita 25, kwa sababu kila ukifungua unaruhusu hewa mbichi kuingia kwenye nyuzi zote. Moja liwe la vibunda vizima, unalifungua kwa nadra. La pili la kadi, la kila siku, lenye vyumba ndani kama yale ya kuwekea ndoana za uvuvi. Madonge ya perle yasilaliane zaidi ya tabaka mbili, la sivyo yanapoteza umbo na uzi unateleza kutoka ubavuni. Nyuzi za kumetameta zikae bapa kwenye kijisanduku chake, kukunjwa kunavunja ule utepe wa nje.

Kuhusu plastiki yenyewe, geuza boksi utazame namba ndani ya pembetatu chini yake. Namba 5 ndiyo ya kutafuta, namba 2 na 1 zinafaa pia. Namba 3 ni PVC, ile inayonuka dukani na kunata ikizeeka, iache huko huko.